Magunia Saba ya Mtu Mwingine

Mama yule aliingia ghalani saa mbili asubuhi, risiti ameishika kwa vidole viwili kama mtu anayemtoa panya mtegoni. Siku hiyo hapakuwa na mwakeye wala umeamkaje.

"Shikamoo mama," nikamwahi.

"Marahaba. Haya magunia kumi na nane ya nani?"

Nikaipokea risiti. Jina lake lilikuwa juu, tarehe sawa, na chini kabisa jumla: magunia 18 ya dagaa, pamoja na ada ya kuhifadhi magunia 18. Nikamuuliza yeye ameleta mangapi.

"Kumi na moja. Nimeyahesabu mwaloni, nikayahesabu yakipandishwa kwenye guta, nikayahesabu yakishuka hapa mlangoni. Sasa niambie, mwanangu, hiyo mashine yako imehesabia wapi?"

Mashine yangu ilikuwa imehesabu magunia yake kumi na moja pamoja na saba ya mzee mmoja wa Ujiji aliyetangulia kuandikishwa asubuhi ileile. Hawajuani. Mzee alishaondoka zake, na nilipolifungua daftari lake kwenye kompyuta nikakuta naye sasa ana magunia 18. Wawili hao walikuwa wanaandikiwa kwenye daftari moja bila wenyewe kujua, na bila mimi niliyelitengeneza kujua.

Nieleze kidogo kazi yenyewe. Hapa Kigoma, kwenye njia iendayo mwalo wa Kibirizi, ufukweni wanakoshushia samaki, kuna ghala ambako wafanyabiashara huweka dagaa waliokwisha kukauka, wakisubiri lori au treni. Mwenye mali analipa kwa gunia kwa siku. Mimi ndiye niliyewaandikia programu ya kupokea mizigo na kutoa risiti. Ya kwanza niliiandika kwa lugha ya programu ya JavaScript, ikafanya kazi vizuri tu. Halafu mwaka 2024 uvuvi ukasimamishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nchi zote nne za ziwa kwa pamoja, samaki wapate kuzaliana. Mwalo ukawa kimya kama uwanja wa mpira siku ya Jumatatu. Ghala likabaki na viroba vya mchele na madumu ya mawese. Nikaona huo ndio wasaa wa kuiandika programu upya kwa lugha nyingine, Python, kwa sababu binti wa mjomba wangu, ambaye ndiye angekuwa ananisaidia, chuoni kwao wamemfundisha Python na hajui kitu kingine.

Niliihamisha mstari kwa mstari. Nilijiona fundi. Ziwa likafunguliwa, dagaa wakaanza kuja, na wiki chache baadaye ndiyo mama akaingia na risiti yake.

Huu hapa mstari wa zamani, wa JavaScript:

    function pokea(gunia, daftari = []) {
      daftari.push(gunia);
      return daftari;
    }

Na huu wa Python, mtoto wake:

    def pokea(gunia, daftari=[]):
        daftari.append(gunia)
        return daftari

Ukisoma zote mbili kwa sauti, ni maneno yaleyale: pokea gunia na daftari la mteja, kama mteja ni mgeni na hana daftari, tumia daftari tupu, andika gunia humo, mrudishie daftari lake. Hata mwalimu wa shule ya msingi angesema ni sentensi moja iliyoandikwa kwa miandiko miwili.

Kumbe sivyo. Kwenye JavaScript yale mabano matupu ni agizo linalotekelezwa kila mgeni anapofika: mgeni huyu, kanunue daftari jipya, mgeni yule, kanunue jingine. Python yenyewe inanunua daftari mara moja tu, pale inapousoma mstari wa `def` kwa mara ya kwanza, inalitundika msumarini, na tangu hapo kila asiye na daftari anapewa lilelile. Mzee wa Ujiji alikuwa mgeni wa kwanza siku hiyo, akaandikiwa saba. Mama akawa wa pili. Alipewa daftari "tupu" lenye magunia saba ndani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimelijaribu. Nilimwandikisha mteja mmoja wa uongo, nikaona risiti iko sawa, nikaizima programu. Kesho yake mteja mwingine wa uongo, iko sawa, nikaizima. Kila ukiizima na kuiwasha, Python inausoma upya mstari wa `def` na kununua daftari jipya, kwa hiyo kosa linajificha. Linatokea tu siku ya kazi, programu ikishinda imewashwa na wageni wakifuatana. Kosa la namna hii lina tabia ya mdaiwa: ukienda kwake humkuti, ukikaa na wageni wako ndipo anapita.

Marekebisho ni mistari miwili. Unaweka `daftari=None`, halafu ndani unasema kama ni None basi `daftari = []`. Nilimaliza kabla mama hajamaliza kuninunia. Nikampa risiti mpya ya magunia 11, akaikunja, akaiweka kwenye pindo la khanga, akaenda zake bila kusema asante, na hakuwa na sababu ya kuisema.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini miaka yote niliyojifunza programu sikuwahi kuuliza swali la yule mama: ya nani? Nilijua kuandika fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina kama `pokea`, kwa lugha tano au sita. Nilijua wapi panawekwa mabano, wapi nukta mkato, lugha ipi inasema `def`, ipi `func`, ipi `fn`. Hayo ni mavazi. Sikujua kwamba kila lugha ina mapatano yake ya kukabidhiana mali kati ya anayeita na anayeitwa, na kwamba mapatano hayo ndiyo fanksheni yenyewe.

(Nasema fanksheni kwa sababu ndivyo tunavyosema. Nimeshawasikia watu wakisema kitendaji, na ni neno zuri, ila kwenye meza ya kazi hakuna anayelitumia. Msimbo nalo nalipenda kuliko kodi, ile code ya Kiingereza. Nilipomwambia baba mdogo kwamba kazi yangu ni kuandika kodi alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama TRA, wale Mamlaka ya Mapato, wanalipa vizuri.)

Chuoni tulifundishwa kwamba fanksheni ni mashine ya kusaga: unaingiza mahindi, unatoka unga. Karibu kila mtu aliyefundishwa kwa Kiswahili ameusikia mfano huo. Kwa miaka nimeudharau, nikiona ni wa kitoto. Sasa nadhani tatizo halikuwa mfano, ila waliotufundisha hawakuwahi kutumwa mashineni. Sisi wa Kigoma tunakula ugali wa muhogo na wa mahindi, na mashine ya mtaani inasaga vyote viwili. Mtoto yeyote aliyepanga foleni anajua kwamba ukifuata nyuma ya mtu wa muhogo, unga wako wa mahindi utatoka na muhogo kidogo, kwa sababu mashine haikung'utwi kati ya mteja na mteja. Na anajua pia kwamba mahindi uliyotia hayarudi kuwa mahindi. Hayo mawili, kilichobaki ndani ya mashine na hatima ya ulichotia, ndiyo mambo ambayo lugha za programu zinatofautiana kuliko mabano na nukta mkato. Tungeambiwa hivyo tangu mwanzo!

Chukua hatima ya ulichotia. Lugha yangu ya kwanza ilikuwa C, ambayo Dennis Ritchie aliitengeneza pale kwenye maabara ya Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970. C ni bahili na mkweli. Kila unachoikabidhi fanksheni, inakitolea nakala. Ukiipa namba 11 nayo ikaifanya 18, ya kwako inabaki 11, kwa sababu iliharibu nakala. Unataka ibadilishe ya kwako? Basi usiipe namba, ipe anwani ya mahali namba ilipo. Nayo anwani inanakiliwa vilevile, lakini anwani ya nyumba yangu ya mtaa wa Mwanga, hata ukiinakili mara mia kwenye vipande vya karatasi, kila kipande kitakufikisha kwenye mlango uleule. Ndiyo maana wanafunzi wote wa C wameshasahau ile alama ya `&`, inayotaja anwani, kwenye `scanf`, fanksheni ya kusoma anachoandika mtumiaji, na programu ikawaangukia. Tuliambiwa "usisahau hiyo alama" kama watu wanavyoambiwa wasipige mluzi usiku. Hakuna aliyetuambia kwamba bila alama ile unakuwa umemtuma mtu apeleke mzigo bila kumwambia nyumba ni ipi.

Pascal, iliyotoka 1970 mikononi mwa Niklaus Wirth, ilikuwa na adabu zaidi: ukitaka kukabidhi mali yenyewe badala ya nakala, unaandika neno `var` mbele ya jina, pale pale kwenye kichwa cha shughuli, na kila anayesoma anaona. PHP nayo ilinitesa kwa upande wa pili. Nilikuwa natengeneza tovuti, nina fanksheni ya kuongeza jina kwenye orodha; naiita, hailalamiki, orodha iko vilevile. Siku mbili nzima. Kumbe PHP ukiipa orodha ya kawaida inaichukua kama nakala mpaka uweke `&`, lakini ukiipa kitu cha klasi (object), kinachobadilika ndani kinaonekana na nje. Lugha moja, mapatano mawili.

Python na JavaScript ziko katikati, na hapa ndipo watu wanapobishana hadi usiku. Ukiipa fanksheni daftari, nayo ikaandika ndani yake, wewe uliye nje utayaona maandishi. Lakini fanksheni hiyohiyo ikisema `daftari = []`, lako halifutiki. Wanafunzi wanachanganyikiwa: sasa ni nakala au si nakala? Mimi nawaambia hivi. Jina si daftari. Jina ni kibandiko. Ulipoikabidhi fanksheni daftari, uliliongezea kibandiko cha pili, daftari ni moja. Kuandika ndani ni kuandika ndani, wote mtaona. Kusema `daftari = []` ni kukibandua kile kibandiko cha pili na kwenda kukibandika kwenye daftari jingine jipya; la kwako bado liko mezani na kibandiko chako. Barbara Liskov na wenzake walipokuwa wakitengeneza lugha ya CLU pale chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1970 waliyaita mapatano haya kwa neno lenye maana ya kushirikiana, na sijaona jina lililo bora. Watu wawili wanashirikiana daftari. Mmoja akinunua jingine, hajalichana la zamani.

Upande wa kurudisha una hadithi yake, na kwa huo naacha mashine ya kusaga, nachukua mtoto anayetumwa dukani. Kuita fanksheni ni kumtuma mtoto. Unampa hela, unamwambia alete nini, wewe unasimama ulipo ukimsubiri, naye anatakiwa arudi palepale alipotumwa.

Hilo la kurudi palepale linaonekana dogo. Kwenye mashine za mwanzo lilikuwa ndilo tatizo lenyewe. EDSAC, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge iliyoendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949, haikuwa na njia ya kukumbuka imetoka wapi. Ungeweza kuirusha iende kwenye kipande cha kazi kilichoandikwa mahali pengine, lakini kikiisha, irudi wapi? Kipande kimoja kinaitwa kutoka sehemu kumi tofauti. Kijana David Wheeler akabuni ujanja: kabla ya kwenda, mashine inabeba alama ya mahali ilipotoka, na kipande cha kazi kinapoanza, jambo la kwanza ni kujiandikia mwishoni mwake agizo la kurudi pale. Yaani mtoto akifika dukani anaandika kiganjani jina la nyumba aliyotumwa, ili akimaliza asome kiganja arudi.

Ujanja mzuri, ila kiganja ni kimoja. Mtoto huyo akiwa dukani akajituma tena yeye mwenyewe, anafuta jina la kwanza na kuandika jipya, na nyumbani kwa mwanzo hafiki tena. Ndiyo maana mtindo ule haukuruhusu fanksheni kujiita. Fortran, lugha ya kampuni ya IBM iliyotoka 1957, ikapata fanksheni za kuandika kando mwaka 1958, lakini kiwango chake rasmi hakikuruhusu fanksheni kujiita hadi Fortran 90. Lisp ya John McCarthy, iliyoanza 1958, yenyewe ilijengwa juu ya kujiita tangu siku ya kwanza. Dawa ilikuwa kuacha kuandika kiganjani na kuanza kupanga: kila anayetumwa anaweka karatasi yake juu ya rundo, akimaliza anaondoa ya juu. Wabebaji wa ghalani wanalijua rundo hili bila kusoma. Gunia la mwisho kupangwa ndilo la kwanza kushuka, na ukitaka la chini kwanza utaangukiwa. Rundo nalo lina kimo chake. Python kwa kawaida inakukatalia ukifika karibu na karatasi 1,000, na binti wa mjomba alipoona kosa hilo mara ya kwanza alidhani ameharibu laptopu.

"Kaka, imekataa kabisa, inasema imezidi!"

Alikuwa amesahau kuiambia fanksheni iache kujiita lini. Mtoto anamtuma mtoto anayemtuma mtoto, na sukari haijanunuliwa.

Mtoto anarudi na nini? Hapa Go, lugha iliyotangazwa 2009, ndiyo inayofanana na nyumba zetu kuliko zote. Mtoto wa Kigoma harudi na kitu kimoja. Anarudi na sukari na chenji. Au anarudi na hela zako na habari kwamba duka limefungwa. Fanksheni ya Go inaweza kurudisha vitu viwili, na desturi yao ni kwamba cha pili ni kosa, kama lipo. Unatarajiwa kukiangalia kabla hujaanza kuchemsha chai. Watu wanalalamika kwamba kunajaza msimbo kwa mistari ya `if err != nil`, yaani "kama kosa lipo". Ni kweli, inachosha macho. Lakini mimi ni mtu niliyeangukiwa na makosa yaliyofichwa, basi naivumilia.

JavaScript, kwa mfano, ina mtoto mpole kupita kiasi. Umemtuma bila hela? Anakwenda. Umempa hela za vitu vitano na umemtajia viwili? Anakwenda. Python ukiita fanksheni ya vitu viwili kwa kitu kimoja, inagoma papo hapo na kukutajia jina la kilichokosekana. JavaScript inajaza pengo kwa `undefined` na kuendelea na safari. Kwenye programu yangu ya zamani kulikuwa na fanksheni ya kuzidisha magunia kwa bei kwa siku, na sehemu moja nilisahau kuipa bei. Kitu ambacho hakijulikani mara kumi na moja ni kitu ambacho si namba, na JavaScript ina jina la kitu hicho. Ikachapa bila haya:

    Jumla: NaN

Mteja aliyepata risiti ile alikuwa mzee mpole wa mawese. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu Nan ni nani? Maana mimi nadaiwa na nyinyi, simjui huyu."

Nimecheka sana baadaye. Siku ile sikucheka.

Kuna jambo moja bado, nalo nililielewa vibaya kuliko mengine yote: fanksheni inayokumbuka. Kwenye lugha nyingi za leo unaweza kutengeneza fanksheni ndani ya fanksheni, ukaitoa nje kama mtu anayemtoa mtoto shamba kumleta mjini, nayo ikabeba mambo ya kwao. Nilikuwa na skrini yenye vitufe vitatu, kila kimoja cha aina ya mzigo: dagaa, migebuka, mawese. Ukibonyeza, kinakupa bei ya kuhifadhi. Nikavitengeneza kwa lupu moja, yaani msimbo unaojirudia mara moja kwa kila kitufe. Nikabonyeza dagaa, ikasema bei ya mawese. Migebuka, mawese. Mawese, mawese.

Nilichokuwa nadhani ni kwamba kila kitufe kinazaliwa na bei yake kichwani. Fikiria ubao wa bei sokoni, ule wa chaki. Unamwambia kijana, "mtu akikuuliza bei, mwambie iliyoandikwa pale." Hakukariri. Atageuka kuangalia ubao pale atakapoulizwa. Kama umeandika dagaa, ukafuta, ukaandika migebuka, ukafuta, ukaandika mawese, halafu ndiyo wateja wakaja, vijana wako watatu wote watataja mawese. Ukitumia `var` kwenye lupu ya JavaScript, ubao ni mmoja kwa vijana wote. Mwaka 2015 lugha ikaongezewa `let`, ambayo kwenye lupu inampa kila kijana ubao wake. Go nayo ilikuwa na ubao mmoja miaka yote, ikaja kubadilisha kwenye toleo la 1.22, Februari 2024. Lugha iliyojisifu kwa kutobadilika ikakubali kwamba watu wamechoka kuumia. Python bado ina ubao mmoja. Kwa hiyo ukitoka kwenye Go mpya kwenda Python na kuandika lupu ileile kwa nia ileile, umerudi kwangu na vitufe vyangu vitatu vya mawese.

Lugha ya Haskell nitaitaja kwa kupita tu, maana niliijaribu wiki mbili za masika, umeme ukikatika kila jioni, na sijaiandikia mtu yeyote kitu cha kulipwa. Huko fanksheni haigusi daftari la mtu kimyakimya. Inapewa daftari, inarudisha jipya, la zamani liko vilevile. Na ikitaka kuandika mahali fulani nje, kama kuchapa risiti, lazima aina yake ikiri hadharani kwamba inagusa nje. Mama wa magunia angeipenda. Mimi nilichoka kueleza kila kitu kwa maandishi kama mtu anayeomba ruhusa ya kuingia bandarini, lakini nilirudi kwenye Python nikiwa mtu mwingine: sasa nikiandika fanksheni inayobadilisha kitu cha mtu, jina lake linasema hivyo. `andika_katika_daftari`, si `pokea`.

Binti wa mjomba naye nimemzuia kitu kimoja. Akija na lugha mpya, na wanafunzi wanakuja na lugha mpya kama wavuvi wanavyokuja na habari za taa mpya, simruhusu anionyeshe jinsi inavyoandika fanksheni. Namwambia aandike ile `pokea` ya mistari mitatu, aiite mara mbili bila daftari, kisha aniambie mteja wa pili ana magunia mangapi. Halafu aipe daftari lake, abadilishe ndani, aangalie nje. Halafu aiite bila gunia. Majibu ya hayo yananitosha kujua nimefika ugenini kwa watu wa namna gani. Mara ya mwisho aliniletea Ruby. Alikuwa na uhakika itakuwa kama Python, maana kwa macho zinafanana. Mteja wa pili akatoka na gunia moja tu, lake. Alikaa akiiangalia skrini kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha ya kwao nchi ya mbali.

Mama alirudi giza lililofuata. Wasioishi ziwani wajue: dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika, kwa hiyo tarehe zetu za biashara tunazihesabu kwa giza. Safari hii alikuja na kaunta buku la jalada gumu, limefungwa kwa kamba ya nailoni. Magunia yake yalikuwa yanashushwa nje, na kila moja alishaliandikia mstari wake kwa kalamu ya bluu, na uzito, na jina la aliyemuuzia.

Akalifungua mbele yangu, akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Haya, yanakili kwenye mashine yako. Humu ndani usiandike kitu."

"Sawa mama."

Nikayaingiza moja moja, naye amesimama nyuma ya bega langu akihesabu kwa midomo. Risiti ikatoka. Akailaza juu ya ukurasa wake, mstari kwa mstari, akashuka na ukucha wa kidole gumba mpaka chini.

"Kumi na nne," akasema. Akalifunga kaunta buku, akaikaza kamba.